Tunawapeleka Watoto Garajini, Halafu Tunawasahau



Kila mwaka matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotoka, mitaa ya Lubumbashi hujaa vigelegele. Waliofaulu wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, wanazungushwa mtaani kwa nyimbo, na mama zao wanacheza mbele ya nyumba. Furaha hiyo ni ya haki, wala hatuna neno juu yake. Lakini katika nyumba ya jirani, ambako hakuna poda, kuna mazungumzo mengine yanayofanyika kwa sauti ya chini. Baba anasema: «Huyu masomo yamemshinda. Kesho nampeleka garajini.» Mama ananyamaza. Mtoto anainamisha kichwa. Hukumu imekwisha kutolewa, na hakuna rufaa.

Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi, hata katika vikao vyetu vya parokia, kutoka vinywani mwa watu wema ambao hawakosi Misa ya Dominika. Ninasema leo bila kuzunguka: ni sentensi mbaya. Inamtukana mtoto, kwa maana inamwambia kwamba kazi anayopewa ni adhabu. Inaitukana kazi, kwa maana inaifanya shimo la kutupia watu. Nayo inatuhatarisha sisi sote tunaopanda gari, kwa sababu breki za taksi tunayosafiria tumezikabidhi kwa mtu ambaye hata wazazi wake hawakutazamia jema lolote kutoka kwake.

Tena sentensi hiyo siyo kosa letu kubwa kuliko yote. Kosa kubwa linakuja kesho yake, mtoto akiisha kufikishwa garajini: tunageuka, tunakwenda zetu, na tunamsahau.

Miaka minne ya kuchota maji

Mambo haya sikusimuliwa. Nilikuwa na miaka 16 baba aliponishika mkono na kunipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wetu. Alitoa fedha kidogo na kuku mmoja, wakapeana mikono, wakacheka. Hapakuwa na karatasi. Hakuna aliyesema nitajifunza nini, kwa muda gani, wala siku gani nitaitwa fundi.

Mwaka wa kwanza niliosha vipuri kwa petroli na kuchota maji. Mwaka wa pili nilitumwa sokoni kumnunulia mke wa fundi unga, nikapiga pasi mashati ya fundi mwenyewe, nikalala garajini kulinda magari ya wateja. Mwaka wa tatu niliruhusiwa kushika funguo. Lakini kila kazi ilipofika mahali penye ujuzi, pale ambapo mtu anapima, anasikiliza, anaamua, fundi alinigeuzia mgongo, au dakika ileile alikumbuka kwamba anahitaji sigara kutoka duka la mbali. Wale waliopita njia hiyo wananielewa. Tulijifunza kazi kama wezi, kwa kuchungulia.

Katika mwaka wa nne aliniambia niongeze mafuta ya breki katika taksi iliyokuwa inangojewa na mwenyewe. Kwenye kona ya garaji palikuwa na chupa nyingi za plastiki, zile za maji ya kunywa, zenye vimiminika vya rangi mbalimbali. Hakuna hata moja iliyokuwa na maandishi. Nilichukua moja, nikamimina, nikafunga kifuniko. Yalikuwa mafuta ya injini.

Mtu asiyejua atasema: mafuta ni mafuta. Sivyo. Mipira iliyomo ndani ya breki imetengenezwa kuishi na mafuta ya breki peke yake, yale yanayoandikwa DOT 3 au DOT 4 juu ya kopo. Mafuta ya injini yanaivimbisha na kuilainisha mipira hiyo mpaka haiwezi tena kuzuia chochote. Siku ya tatu, taksi ile ikikaribia njia panda, pedali ilizama hadi sakafuni. Ilimgonga mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma ya magunia yake ya makala. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Alipona, lakini hadi leo anachechemea, nami kila ninapokutana naye njiani ninamsalimu nikitazama chini.

Nani alikuwa na hatia? Fundi alinilaumu mimi. Mimi nililaumu chupa. Mwenye taksi alilaumu shetani. Leo ninajibu kwa wazi: hatia ya kwanza ni yangu, kwani nilimimina kitu nisichokijua nikaona haya kuuliza. Hatia ya pili ni ya fundi, aliyenitumikisha miaka minne bila kunifundisha kutofautisha mafuta mawili. Lakini ipo hatia ya tatu ambayo hakuna anayeitaja. Katika miaka ile minne hakuna mtu hata mmoja, si baba yangu, si mkubwa wa kikundi changu cha vijana, si mwalimu wa katekesi, si mjumbe wa halmashauri ya parokia, aliyekanyaga garaji ile kuuliza swali moja tu: «Huyu mtoto wetu anajifunza nini hapa?» Kila Dominika niliimba katika kwaya. Walijua sauti yangu, hawakujua wiki yangu.

Mnaita hiyo kazi ya walioshindwa?

Wale wanaodhani garaji haidai akili, ningependa wakae siku moja tu mbele ya gari linalokataa kuwaka. Magari mengi ya hapa kwetu yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Yameshushwa katika bandari ya Dar es Salaam, yamekatiza Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Usukani wake uko kulia, ilhali sheria yetu ni kuendesha upande wa kulia wa barabara. Vibandiko vilivyomo chini ya boneti ni vya Kijapani. Kitabu cha maelezo, kikipatikana, ni cha Kiingereza. Shule ya ufundi inafundisha kwa Kifaransa. Mteja anataka kuelezwa kwa Kiswahili. Kijana wa garaji anakutana na lugha nne kabla ya chakula cha mchana, nasi tunasema masomo yalimshinda!

Chukueni jambo linaloonekana dogo, kukaza nati za gurudumu. Kwa magari mengi madogo ya Toyota kipimo ni Niutoni-mita 103. Ukikaza pungufu, gurudumu linaweza kulegea njiani. Ukikaza kupita kiasi, unainyosha bolti mpaka siku moja inakatika, au unaipinda sahani ya breki. Tena nati hizo hukazwa kwa kuvuka kutoka moja kwenda ile inayoikabili, wala si kwa kuzifuata kwa mzunguko. Bolti za kichwa cha injini nazo zina utaratibu wake: kwa kawaida unaanzia katikati ukielekea pembeni, kwa hatua, la sivyo gasketi haikai sawa, na baada ya muda maji yanachanganyika na mafuta, injini inakufa. Sasa, katika garaji zetu ni ngapi zenye ufunguo wa kupimia ukazaji? Katika ile niliyokulia, tulikuwa na bomba la chuma tulilolichomeka juu ya ufunguo, na kipimo chetu kilikuwa uzito wa kijana mnene kuliko wote.

Siku hizi mafundi wengi wana kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Ni jambo jema. Lakini baadhi yao wanakishika kama mganga anavyoshika pembe lake. Kifaa kinaandika P0171, na papo hapo fundi anatangaza: «Sensa imekufa, leta dola.» Alama hiyo haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema tu kwamba hewa imezidi petroli katika mchanganyiko unaoingia katika injini. Sababu inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, au pampu ya petroli iliyochoka, au kichujio kilichoziba, au sensa nzima kabisa iliyoshikwa na vumbi la barabara zetu. Kujua ni ipi kati ya hizo kunadai kuuliza, kupima, na kuondoa sababu moja baada ya nyingine kwa subira. Hiyo ndiyo akili ambayo daktari anaitumia mbele ya mgonjwa mwenye homa. Daktari akigawa dawa bila kupima, tunamwita muuaji. Fundi akibadilisha vipuri bila kupima, tunamwita fundi, na tunamlipa.

Basi msikubali, enyi vijana, kuingia garajini mkiwa mmeinamisha vichwa. Lakini pia msikubali kutoka humo bila ujuzi huo, mkiwa mmejua tu kufungua na kufunga.

Wanayojibu wenye kutetea desturi

Nimekwisha kusema maneno haya mbele ya watu, na ninajua majibu yao. Wanastahili kusikilizwa.

Wa kwanza anasema: «Mafundi wetu wote walijifunza hivyo, na magari yanatembea.» Ni kweli, kuna mafundi wenye ajabu katika mji huu, watu wanaotambua ugonjwa wa injini kwa sikio peke yake. Ninawavulia kofia. Lakini hao walifika pale licha ya njia waliyopitishwa, wala si kwa sababu yake. Kwa kila mmoja aliyefika, wahesabuni wale walioanza pamoja naye wakachoka mwaka wa tatu, na leo wanasukuma mikokoteni, au wanabandika jina la fundi juu ya ujuzi wa kuosha vipuri. Wewe unawaona waliovuka mto, hukuwahesabu waliozama.

Wa pili anasema: «Sisi ni maskini. Shule ya ufundi inadai ada. Fundi wa mtaani anampokea mtoto bila mengi, na siku nyingine anampa chakula.» Neno hili ni la kweli na linauma. Mji huu una shule nzuri: kuna warsha za Cité des Jeunes ya Wasalesiani, kuna INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964. Yeyote anayeweza kuingia huko, aingie. Lakini najua kwamba wengi wenu mtapita kwa fundi wa mtaani, na ndiyo maana ninapigana kuhusu garaji ya mtaani. Umaskini wa baba unampa fundi sababu ya kutodai fedha nyingi. Haumpi sababu ya kuiba miaka ya mtoto. Kijana asiyelipwa, anayefua nguo na kulinda magari usiku, amekwisha kulipa ada yake mara mbili.

Wa tatu ni fundi mwenyewe, na yeye ndiye mkweli kuliko wote. Anasema: «Nikimfundisha yote, kesho atafungua garaji mbele ya mlango wangu na kuchukua wateja wangu.» Hofu hii haitoki katika roho mbaya. Ni hofu ya mtu asiye na pensheni wala ulinzi wowote, ambaye mali yake yote ni siri aliyonayo mikononi. Kumhubiria ukarimu tu hakutoshi. Lazima apate kitu mkononi: ahadi kwamba kijana akiisha kufundishwa ataitumikia garaji hiyo muda fulani kwa ujira unaojulikana, na kwamba hatahama na wateja kabla ya siku yake. Ahadi ya namna hiyo haikai katika hewa. Inahitaji karatasi, na inahitaji mashahidi.

Karatasi ya mwaka 1852

Hapa ndipo ninapowakumbusha mtu tunayempigia makofi kila tarehe 31 Januari bila kumfuata. Wasalesiani walifika katika mji huu mwaka 1911, na tangu hapo jina la Don Bosco liko juu ya shule, parokia na viwanja vya mpira. Tunajua alicheza na vijana, alisali nao, aliwafundisha katekisimu. Wachache wanajua kwamba aliwafuata mpaka kazini.

Torino ya wakati wake ilikuwa imejaa watoto waliotoka vijijini kutafuta kazi, na mabwana waliwatumia walivyotaka. Don Bosco hakutosheka kuwaombea. Alikwenda kwa mabwana hao na karatasi rasmi. Umehifadhiwa mkataba wa Februari 1852, kati ya seremala mmoja wa Torino na kijana aliyetaka kujifunza useremala. Muda wake ni miaka miwili. Seremala anajifunga kumfundisha kijana kazi yake yote. Kumrekebisha kwa maneno, si kwa namna nyingine. Kumpa kazi za useremala tu, si kazi zisizohusu ufundi huo. Kumwachia huru siku za sikukuu. Na kumlipa ujira unaopanda kwa hatua kadiri anavyoendelea. Kijana anajifunga kuwa mwaminifu, mtii na mwenye bidii. Baba wa kijana ni mdhamini. Na Don Bosco mwenyewe anaahidi kuendelea kuuangalia mwenendo wa kijana huyo. Aliweka sahihi yake.

Tazameni kila sharti na mlilinganishe na miaka yangu minne. «Kwa maneno, si kwa namna nyingine»: sisi tulipigwa kwa mkanda wa injini. «Kazi za ufundi tu»: mimi nilipiga pasi mashati. «Sikukuu»: wangapi kati yenu mnakosa Misa kwa sababu fundi ana gari la haraka? Mwaka 1852, katika nchi nyingine na kwa kazi nyingine, padri mmoja alikwisha kuona ugonjwa wetu na kuandika dawa yake. Hakungoja serikali, wala hakungoja mfadhili.

Wala msiseme kwamba hayo ni ya Wazungu wa zamani. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, ina sehemu yake juu ya mkataba wa mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi kwa bwana. Inamdai bwana mafunzo yenye mpango na yaliyo kamili. Sheria ipo. Imelala katika makabati, kwa sababu hakuna mtu mtaani anayeiamsha.

Na Kanisa letu? Katika waraka wake juu ya kazi, wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba thamani ya kazi inatoka kwanza kwa yule anayeifanya, kwa kuwa ni mtu, wala haitoki katika aina ya kazi. Tukiamini hivyo, hatuna ruhusa ya kusema «aende tu garajini». Neno hilo «tu» ni uzushi mdogo tunaourudia kila mwaka.

Haki bila unyofu haitoshi

Mpaka hapa nimewatetea vijana. Sasa niruhusuni niwageukie.

Kijana aliyedhulumiwa si mtakatifu kwa sababu hiyo peke yake. Nimewaona waliolia juu ya ubahili wa fundi wao, na siku walipopata garaji yao wakatoa betri nzuri ya mteja na kumwekea iliyochoka. Nimewaona wanaouza kipuri cha bandia kwa bei ya kile halisi, wanaopaka pedi za breki zilizokwisha rangi mpya ili zionekane nzima. Nimewaona wanaofundisha wanagenzi wao kwa matusi yaleyale waliyoyapokea. Wanasema: «Na mimi nilipita huko.» Hivyo ndivyo dhuluma inavyozaa.

Mnamjua Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyetangazwa mwenye heri tarehe 15 Juni 2025. Alikuwa mtumishi wa ukaguzi wa bidhaa. Alikataa fedha za wale waliotaka apitishe chakula kilichoharibika, kwa sababu alijua kitaingia matumboni mwa watu. Aliuawa mwaka 2007, akiwa na miaka 26. Tunabeba picha yake katika maandamano. Lakini fundi anayelirudisha gari kwa mteja akijua breki hazifai, je, hapitishi naye chakula kilichooza? Yule mama wa makala hakumjua aliyefungua kopo wala aliyefunga bolti. Hivyo ndivyo ilivyo kazi yetu: wale tunaoweza kuwaua hatuwaoni, nao hawatuoni. Kwa hiyo dhamiri ya fundi lazima iwe macho hata pale ambapo mteja haelewi na mkubwa hayupo.

Mafunzo ninayoyadai yana sehemu mbili zisizotengana. Fundi mwaminifu asiyejua atakuumiza kwa upole. Fundi anayejua asiye mwaminifu atakuumiza kwa ustadi.

Tufanye nini, kuanzia mwezi huu

Sipendi maandiko yanayolia na kukoma hapo. Parokia isiyo na fedha inaweza kufanya mambo manne.

La kwanza ni karatasi. Kijana wa kikundi chetu asipelekwe tena kwa fundi kwa kupeana mikono tu. Iandikwe kurasa moja: muda, mambo atakayofundishwa kila mwaka, siku za kupumzika, ujira utakavyoanza na kupanda, na muda atakaoitumikia garaji baada ya kujua. Wazazi waweke sahihi, fundi aweke sahihi, na mjumbe mmoja wa parokia aweke sahihi. Fundi mwema hataikataa, kwani inamlinda naye. Fundi atakayeikataa amekwisha kutuambia nia yake.

La pili ni ziara. Tunatembelea wagonjwa na wafungwa, na ni vema. Basi watu wawili, mara moja kwa mwezi, wapite katika garaji walimo vijana wetu. Wasiende kama polisi. Wamsalimu fundi kwa heshima, wamwite baba au kaka kama inavyofaa, waulize habari za kazi, na wamwombe kijana awaonyeshe kitu kimoja alichojifunza mwezi huo. Fundi anayejua kwamba swali hilo litakuja atakuwa na kitu cha kufundisha.

La tatu ni daftari. Kila mwanagenzi aandike kila jioni mistari mitano: gari gani, lilikuwa na kosa gani, sababu ilikuwa nini, nilipima nini, nilikaza kwa kiasi gani. Baada ya miaka miwili, daftari hilo litakuwa kitabu ambacho hakuna duka linalokiuza. Na wale wenye diploma katika kikundi wawasaidie wenzao kusoma Kifaransa na Kiingereza cha vitabu vya magari. Hapo aliyemwagiwa poda na asiyemwagiwa watakaa meza moja, na kila mmoja atakuwa na cha kumpa mwenzake.

La nne ni sanduku la funguo. Tunachanga kwa ajili ya vitenge vya sikukuu, tunachanga kwa ajili ya ng'ombe wa jubilei. Kijana anayemaliza mafunzo yake vema, na ambaye hana chombo hata kimoja, ni lini tulimchangia? Seti ya funguo, kipimo cha umeme na ufunguo wa kupimia ukazaji vinaweza kumfanya mtu huru. Vibarikiwe mbele ya altare tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, kisha akabidhiwe.

Nami ninasisitiza: hayo yote ni kwa wasichana pia. Ninayo garaji ndogo leo, na mwanagenzi wangu mwenye mkono sahihi kuliko wote katika mambo ya umeme ni msichana. Wengine walicheka siku alipoingia. Sasa wanamletea magari yao.

Fanyeni haraka, kwani kazi yenyewe haitungoji. Katika magari yanayotoka Japani yamo yale yanayotumia petroli na umeme pamoja, kama Toyota Prius, yenye nyaya za rangi ya machungwa zinazobeba zaidi ya volti 200. Mtu akizishika kwa mazoea ya betri ya volti 12, anaweza kufa papo hapo. Na kobalti inayoingia katika betri za magari ya umeme ya dunia, zaidi ya nusu yake inatoka katika ardhi yetu, huko Kolwezi na kandokando yake. Je, tutabaki watu wanaochimba jiwe wasilojua kulitumia, kisha wanaletewa gari chakavu wasilojua kulitengeneza? Jibu halimo mikononi mwa mawaziri peke yao. Limo pia katika ile garaji iliyo nyuma ya kanisa lenu, ambamo asubuhi ya leo mtoto mmoja ametumwa sigara.

Nendeni mkamwulize jina lake.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni vijana wangapi wa kikundi chetu wanaojifunza kazi kwa fundi? Tunajua majina yao, garaji zao na mwaka wao wa mafunzo?

2. Mtu anaposema mbele yetu «masomo yamemshinda, aende garajini», tunajibu nini?

3. Kila mmoja akumbuke kazi aliyoifanya bila kuielewa kwa sababu aliona haya kuuliza. Ni nani angeweza kuumia?

4. Tukiandika leo ukurasa mmoja wa mkataba kwa ajili ya mwenzetu, ni masharti gani matano tutayaweka kwanza, na ni nani wa parokia atakayekubali kutia sahihi na kwenda kuangalia?